Kompyuta ya kiganjani: waya ukiondoka, daftari lako linakaa wapi?

Mwenye duka na ghala analijua tatizo hili hata kama hajawahi kuigusa kompyuta. Daftari moja liko kaunta, jingine liko mfukoni mwake anapozunguka kukusanya madeni. Mchana kutwa yote mawili yanaandikwa. Karani anaandika kaunta kwamba mteja fulani amelipa nusu. Tajiri anaandika mfukoni kwamba mteja huyo huyo ameongezewa magunia kumi. Jioni lazima mtu akae, ayafungue yote mawili na kuyafanya yaseme jambo moja. Kazi hiyo isipofanyika kwa siku tatu mfululizo, anayebaki akilijua deni kwa uhakika ni mdaiwa mwenyewe.

Katika kompyuta kazi hiyo huitwa kusawazisha. Wiki hii ukurasa huu unaeleza namna ilivyofanyika kati ya kompyuta ya mezani na kompyuta ya kiganjani, ile mashine ndogo ya kutunza miadi, anwani na kumbukumbu iliyovuma kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na hasa yaliyotokea pale waya wa kuziunganisha ulipoondolewa. Wakati wa mashine hizo umekwishapita, lakini kila mwenye simu ya kisasa anatumia utaratibu uliorithiwa kutoka kwao, aghalabu bila kujua, na orodha yake ya wateja imo humo. Vile vile kuna fedha nyingi za wenye hisa zilizopotea katika njia hiyo, nazo tutazigusa.

KITUFE KIMOJA

Mwaka 1996 kampuni ya Palm Computing, iliyoanzishwa na Jeff Hawkins mwaka 1992 na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya U.S. Robotics ya Marekani, iliingiza sokoni mashine iliyoitwa Pilot. Zilikuwa za aina mbili: Pilot 1000 kwa dola 299 na Pilot 5000 kwa dola 369. Ilienea katika mfuko wa shati, ilitumia betri mbili ndogo za kawaida, na memori yake ilikuwa kilobaiti 128 kwa ile ya bei ndogo na 512 kwa ile nyingine. Picha moja tu ya simu ya leo isingeenea humo. Kabla ya kuiunda, Hawkins alitembea na kipande cha mbao chenye ukubwa huo mfukoni, akikitoa kana kwamba anaandika miadi, ili ajue kama mtu angeweza kuishi nacho.

Mashine za namna hiyo zilikuwapo kabla. Psion ya Uingereza ilikuwa na Series 3 tangu mwaka 1991, na Apple ilitoa Newton mwaka 1993. Kilichoitofautisha Pilot ni kwamba waundaji wake hawakuiona kuwa kompyuta kamili inayojitegemea. Waliiona kuwa ni daftari la mfukoni la kompyuta ya mezani. Ndani ya boksi mnunuzi alikuta kitako cha plastiki chenye waya wa kuchomeka kwenye kompyuta, na kwenye kitako hicho palikuwa na kitufe kimoja. Unaiweka mashine, unabonyeza, unasubiri kidogo, kazi imekwisha. Utaratibu huo uliitwa HotSync, na kwa maoni ya ukurasa huu ndio uliokuwa bidhaa halisi ya Palm. Mashine yenyewe ilikuwa kifuniko chake.

Ndani ya kusubiri huko kidogo kulikuwa na hesabu inayostahili kueleweka. Kila rekodi, yaani kila jina na simu yake au kila miadi, ilikuwa na namba yake na alama pembeni. Ukiibadili, alama inawekwa. Kitufe kikibonyezwa, kompyuta haisomi daftari zima. Inauliza zile zenye alama tu, na yenyewe inatoa zake zilizobadilika. Mwishoni alama zote zinaondolewa, na pande mbili zinaanza siku mpya zikiwa sawa. Ndiyo maana mtu mwenye anwani elfu moja aliyebadilisha tatu alimaliza kwa sekunde chache.

Kufuta ndiko kulikokuwa na ujanja zaidi. Tuseme mdaiwa amemaliza deni lake na wewe umemfuta katika mashine ya mkononi. Kama mashine ingemwondoa kabisa papo hapo, jioni kompyuta ingekuta jina ambalo yenyewe inalo na mashine haina, ikadhani ni jina jipya, ikalirudisha. Mdaiwa aliyelipa angefufuka kila siku. Kwa hiyo rekodi iliyofutwa haikuondoka mara moja: ilibaki imefichwa, ikiwa na alama ya kufutwa, mpaka upande wa pili upate habari na kuifuta pia. Kwa maneno mengine, kufuta nako ni habari inayosafiri. Msomaji alishike jambo hili, maana ndilo linaloumiza watu hadi leo.

Je, rekodi moja ikibadilishwa pande zote mbili siku hiyo hiyo? Hapa hakuna mashine inayoweza kujua ukweli. Palm iliamua kutohukumu: ilibakiza zote mbili, pande zote mbili, na kumwachia mwenye mali achague. Na ikiwa upande mmoja umefuta na mwingine umebadili, aliyebadili alishinda, rekodi ikabaki. Wapo waliolalamika kwamba anwani zao zinajirudia. Lakini mhasibu yeyote atakuambia kuwa jina lililoandikwa mara mbili ni kero tu, na jina lililopotea ni hasara.

Palikuwa na mtego mmoja. Programu ya kompyuta ilimruhusu mtumiaji kuchagua njia nne: kusawazisha, kuacha kompyuta iandike juu ya mashine, kuacha mashine iandike juu ya kompyuta, au kutofanya lolote. Njia ya pili na ya tatu hazikuwa kusawazisha hata kidogo. Ni sawa na kulichana daftari moja na kunakili jingine mahali pake. Mtu aliyezunguka wiki nzima akiandika maagizo ya wateja, kisha akabonyeza kitufe wakati kompyuta imepangwa kuandika juu ya mashine, aliirudia orodha ya Jumatatu. Chaguo hilo kwa kawaida lilidumu kwa mara moja tu, lakini programu ilitoa pia nafasi ya kulifanya la kudumu, na mtu mwenye haraka aliweza kuliweka bila kusoma.

Hata hivyo utaratibu wa kitako na waya ulikuwa na faida moja kubwa ambayo haikutangazwa sana. Memori ya Pilot iliishi kwa nguvu ya betri. Betri zikiisha kabisa, au ukichelewa wakati wa kuzibadili, kila kitu kilipotea. Hasara hiyo ilivumilika kwa sababu nakala kamili ilikuwa mezani, ndani ya kompyuta ambayo ni mali yako, katika ofisi ambayo ufunguo wake unao. Daftari zilikuwa mbili, zote nzima, zote zako.

WAYA UNAONDOKA

Njia ya kwanza ya kuondoa waya ilikuwa mwanga usioonekana, mionzi ya infraredi, ile ile ya kifaa cha kubadilishia stesheni za televisheni. Makampuni yalikwishaunda chama cha kusimamia kanuni zake mwaka 1993, na Palm III ya mwaka 1998 ilikuja na jicho la infraredi juu yake. Kanuni ya kawaida ilikuwa umbali wa mita moja hivi, macho mawili yatazamane, kwa kasi isiyozidi kilobiti 115 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo megabaiti moja huchukua takriban dakika moja na nusu, kama hakuna anayepitisha mkono katikati. Wengi waliitumia kupeana kadi za biashara: watu wawili wanaelekezeana mashine, jina linaruka. Kwa kusawazisha ilikuwa afadhali kwa mtu mwenye kompyuta ndogo safarini, ambaye hakutaka kubeba kitako. Aidha, mtu aliweza kuielekeza mashine kwenye simu ya mkononi yenye jicho kama hilo na modemu ndani yake, akapiga simu kwa kompyuta ya ofisini iliyoachwa inawaka, na kusawazisha akiwa hotelini. Ilifanya kazi. Bili ya simu ilikuwa habari nyingine.

Mwaka 1999 Palm ikatoa mashine iliyosisimua soko kuliko zote, Palm VII, kwa dola 599. Ilikuwa na antena ya kuinua pembeni na ilizungumza na mtandao wa redio nchini Marekani. Matangazo yalizungumzia kuwa hewani popote. Kilichotajwa kwa sauti ndogo ni kwamba redio hiyo ilikuwa ya kuulizia habari fupi fupi na kutuma ujumbe mfupi. Daftari lako la anwani na miadi bado lilisawazishwa kwenye kitako kama zamani. Sababu inaonekana katika bei. Kifurushi cha chini kilikuwa dola 9.99 kwa mwezi kwa kilobaiti 50, yaani senti 20 hivi kwa kilobaiti moja. Mashine ilikuwa na memori ya megabaiti 2. Kuipitisha memori hiyo yote hewani mara moja, kwa wastani huo, kungegharimu zaidi ya dola 400, theluthi mbili ya bei ya mashine. Mwenye hisa aliyepiga hesabu hiyo mwaka 1999 angejua kwamba kusawazisha bila waya kulikuwa bado ahadi.

Bluetooth ndiyo iliyotimiza sehemu ya ahadi hiyo. Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba waliunda kundi lake mwaka 1998 na kulipa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyeitwa Jino la Bluu. Ni redio ya masafa ya gigahezi 2.4, yenye nguvu ndogo, inayofika kama mita kumi katika vifaa vya kawaida vya mkononi, na inayoruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde ili isigongane na wengine. Haihitaji kutazamana. Palm ya kwanza kuwa nayo ndani ilikuwa Tungsten T ya Oktoba 2002, kwa dola 499, na mwaka 2003 ikaja Tungsten C yenye Wi-Fi. Sasa mtu aliweza kuingia ofisini, mashine ikiwa mfukoni, na kusawazisha bila kuiweka popote.

Waya ulipokuwapo, mambo mawili yalikuwa yamehakikishwa bila mtu kuyafikiria: kwamba mawasiliano hayakatiki katikati, na kwamba anayezungumza na kompyuta yako ni wewe. Redio haihakikishi hata moja.

Kukatika katikati kulitatuliwa vizuri. Februari 2000 makampuni kadhaa, yakiwemo Ericsson, IBM, Motorola, Nokia, Palm na Psion, yalianzisha mpango wa SyncML ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali visawazishane kwa lugha moja, na toleo la kwanza likatoka Desemba mwaka huo. Ndani yake mna kitu kinachoitwa nanga. Kila upande huhifadhi namba ya usawazishaji wa mwisho uliokamilika. Mkikutana tena mnatajiana namba hizo kwanza. Zikilingana, mnaendelea na mabadiliko tu. Zisipolingana, ina maana safari iliyopita haikufika mwisho, hivyo mnarudia kulinganisha kila kitu kuanzia mwanzo. Ni kama wakala na bohari wanaotajiana namba ya stakabadhi ya mwisho kabla ya kuanza hesabu. Kulinganisha upya kuna kasoro yake: rekodi ambazo zimeandikwa tofauti kidogo, kwa mfano jina lenye nafasi moja ya ziada, huhesabiwa kuwa watu wawili. Ndiyo asili ya orodha za simu zinazoonyesha mtu mmoja mara tatu.

Saa nazo zilileta matatizo yao. Kompyuta nyingi huhifadhi miadi kwa saa ya dunia na kuionyesha kwa saa ya mahali, wakati mashine za mwanzo za Palm ziliandika saa kama ulivyoiandika wewe. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyefika Dubai, ambako saa iko mbele kwa saa moja, na kuibadilisha saa ya kompyuta yake kufuata ya huko, aliiona miadi yake ya saa nne asubuhi, aliyoipanga na wenyeji wa Dubai kwa saa ya Dubai, imekuwa ya saa tano. Mashine ya mkononi iliendelea kusema saa nne. Hapo kusawazisha kulimaanisha kuchagua mojawapo, na si kila mara ile ya kweli ndiyo iliyochaguliwa.

Suala la nani anazungumza halikutatuliwa kwa wepesi huo. Bluetooth iliwataka wenye vifaa viwili kuviunganisha mara ya kwanza kwa kuandika namba ya siri, na watu wakaandika 0000 au 1234. Mwishoni mwa mwaka 2003 mtaalamu wa Uingereza Adam Laurie alionyesha kwamba kwa baadhi ya simu za wakati huo hata namba hiyo haikuhitajika: aliyekuwa jirani aliweza kuchukua orodha ya anwani na kalenda bila mwenye simu kujua. Kinga ya awali ya Wi-Fi, iliyoitwa WEP, ilikuwa imekwishavunjwa na watafiti mwaka 2001. Microsoft, ambayo programu yake ya ActiveSync iliwahi kuruhusu mashine za Windows kusawazishwa na kompyuta kupitia Wi-Fi, iliiondoa njia hiyo katika toleo la 4 mwaka 2005 kwa sababu za usalama. Watumiaji waliizoea na walikasirika. Ukurasa huu unaona kampuni ilifanya sawa, kwa kuwa orodha ya wateja pamoja na namba zao na kiasi wanachodaiwa ni mali ambayo mshindani angeilipia.

SOKO LISILOJUA KUTOA

Machi 2, 2000 hisa za Palm ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza mjini New York. Wakati huo mama yake alikuwa 3Com, aliyeinunua U.S. Robotics mwaka 1997. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 38. Ilipanda siku hiyo hiyo hadi 165 na kufunga kwa dola 95.06. Kampuni nzima ikahesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 53 hivi, zaidi ya General Motors.

3Com ilikuwa imeuza takriban asilimia 5 tu ya Palm. Asilimia 95 iliyobaki ilikuwa igawiwe wenye hisa wa 3Com, takriban hisa moja na nusu za Palm kwa kila hisa moja ya 3Com. Basi hisa moja ya 3Com ilibeba ndani yake Palm yenye thamani ya dola 142 hivi, mbali na biashara nyingine zote na fedha taslimu za 3Com. Lakini hisa ya 3Com ilifunga siku hiyo kwa dola 81.81. Kwa hesabu ya kutoa, biashara yote iliyobaki ya 3Com ilikuwa na thamani ya dola 60 chini ya sifuri kwa kila hisa. Aliyetaka Palm kwa bei nafuu alitakiwa kununua 3Com tu. Maelfu hawakufanya hivyo. Wataalamu wa uchumi Owen Lamont na Richard Thaler waliandika juu ya siku hiyo wakiuliza kama soko linajua kujumlisha na kutoa, na bado hutumika kama mfano darasani.

Walichokuwa wakinunua kwa dola 95 ni simulizi ya ulimwengu usio na waya ambamo kila mtu atakuwa na kiganjani chake. Simulizi yenyewe ilikuwa kweli, imetimia. Kosa lilikuwa kudhani kwamba faida yake itabaki kwa anayeuza kiganjani. Machi 2001 Palm ilitangaza mashine mpya kabla hazijawa tayari kuuzwa. Wateja waliacha kununua zilizokuwepo, mzigo ukalala ghalani, na kampuni ikafuta katika vitabu vyake zaidi ya dola milioni 200 za bidhaa zisizouzika. Kufikia mwisho wa mwaka huo hisa ilikuwa chini ya dola 5. Oktoba 2002 kila hisa 20 ziliunganishwa kuwa moja. Mwaka 2010 Hewlett-Packard iliinunua Palm kwa dola bilioni 1.2, na Agosti 2011 ikatangaza kusitisha vifaa vyake.

DAFTARI LA TATU

Wakati Palm ikipigania kuondoa waya kati ya mkono na meza, wengine waliona kwamba meza yenyewe si lazima. Research In Motion ya Kanada, yenye BlackBerry, iliweka programu kando ya seva ya barua ya ofisi. Barua, na baadaye kalenda na anwani, vilisukumwa hewani moja kwa moja hadi mkononi. Mteja alilipa kila mwezi kupitia kampuni ya simu. Kwa mwekezaji tofauti ni kubwa: mmoja anauza mashine mara moja, mwingine anatoza ada kwa kulitunza daftari. Lakini ada hiyo inalipwa ili mtu mwingine asianguke, na Oktoba 2011 mitambo ya BlackBerry ilipoharibika, wateja wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika walikaa siku kadhaa bila huduma kwa hitilafu iliyoanzia Uingereza.

Tukio la kufundisha zaidi lilitokea Marekani mwaka 2009. Kampuni ya Danger, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2008, ilitengeneza simu iliyouzwa na T-Mobile kwa jina la Sidekick. Anwani, kalenda na picha za mteja zilisawazishwa hewani na seva za Danger wakati wote, bila kitufe, bila waya, bila mtumiaji kufikiria. Uliponunua mashine mpya uliingiza jina lako na kila kitu kikarudi. Watu waliipenda kwa hilo. Mapema Oktoba 2009 seva hizo zilianguka, na nakala ya akiba nayo haikusaidia. T-Mobile iliwaambia wateja wake kwamba taarifa zao karibu kwa hakika zimepotea, ikawasihi wasiizime mashine, wasitoe betri, wala wasiiache iishe chaji.

Msomaji aliyefuatana nasi ataelewa onyo hilo lilitokana na nini. Kilichokuwa mkononi mwa mteja hakikuwa daftari la pili. Kilikuwa kivuli cha daftari lililoko kwenye seva. Mashine ikizimwa na kuwashwa inauliza seva ina nini, na seva ikijibu kwamba haina kitu, mashine inajisawazisha na utupu huo. Utaratibu ulifanya kazi yake kikamilifu. T-Mobile ilisimamisha mauzo ya Sidekick kwa muda na kuwapa waliopoteza kadi za dola 100. Baada ya siku kadhaa Microsoft ilisema imeokoa sehemu kubwa ya taarifa. Mwenye Palm ya mwaka 1996, pamoja na kitako na waya wake, asingefikiwa na msiba huo.

Mkanganyiko ambao watu wengi bado wanao ni kudhani kusawazisha ni kuweka akiba. Ni karibu kinyume chake. Akiba ni nakala isiyobadilika pale ya kwanza inapobadilika. Kusawazisha ni kuhakikisha zote zinabadilika pamoja, makosa yakiwemo. Karani akifuta kwa bahati mbaya orodha ya wadaiwa kwenye simu, kufuta huko kunasafiri kwa uaminifu hadi kwenye akaunti na kutoka hapo hadi kwenye kompyuta na simu nyingine zote za duka, pengine kabla hajaishusha mkononi.

SIMU YAKO YA LEO

Simu nyingi za Android zinazotumika dukani husawazisha majina na akaunti ya Google kupitia intaneti; za iPhone hufanya hivyo na iCloud. Yafuatayo yanastahili kuangaliwa na mtu ambaye namba za wateja ndizo mtaji wake.

Kwanza ni mahali majina yanapohifadhiwa. Unapoandika jina jipya, simu huweza kuliweka kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti. Yaliyo kwenye laini hayasawazishwi na akaunti: laini ikipotea yameondoka, hata kama miaka yote uliamini kwamba Google inayo. Wenye laini mbili au tatu mara nyingi wana wateja waliotawanyika pande zote bila kujua yupi yuko wapi. Fungua majina matano ya wateja wakubwa na uangalie kila moja limehifadhiwa wapi, simu itakuonyesha.

Pili ni akaunti yenyewe. Katika maduka mengi akaunti ilifunguliwa na kijana aliyeuza simu, kwa jina na nywila anazozijua yeye. Maana yake daftari kuu la biashara liko katika sanduku ambalo ufunguo wake hauna wewe. Akaunti iwe ya mwenye mali, na namba ya kuirejeshea iwe laini anayoishika mwenyewe. Simu ya mfanyakazi anayeondoka itolewe kwenye akaunti siku hiyo hiyo, la sivyo orodha itaendelea kujisawazisha mfukoni mwake hata akihamia duka la jirani.

Endapo majina yamefutwa, usihangaike na simu. Ingia kwenye akaunti ya Google kwa kompyuta, sehemu ya majina: yaliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, na mabadiliko ya kipindi hicho yanaweza kurudishwa nyuma. Baada ya hapo hayarudi.

Akiba ya kweli hupatikana kwa amri ya kutoa majina yote kama faili, inayopatikana katika simu za Android na katika akaunti zenyewe. Faili la majina elfu moja bila picha ni dogo mno, linaenea mara nyingi katika flashi ya bei ya chini kabisa. Litoe mwishoni mwa kila mwezi, siku ya kufunga hesabu, andika tarehe kwenye jina lake, na flashi hiyo ikae kabatini pamoja na leseni ya biashara, mbali na simu na intaneti.